Sindano ya Pili

Iringa,
9 Februari 1998

Mdogo wangu Mwanaima,

Assalaam alaykum. Leo ni tarehe tisa Februari, na mwezi ujao nitatimiza miaka ishirini na sita tangu nitoke Diani. Niliihesabu mara mbili kabla ya kuiandika. Nilitoka nina miaka thelathini na sita, wiki chache baada ya shamba la baba kuuzwa na watu ambao hatukuwahi kuwaona wakilima humo, na leo mimi ni mzee wa maabara aliyestaafu, navaa sweta mbili asubuhi na kulalamika kuhusu magoti. Zaidi ya magoti sijambo. Idd tuliila vizuri, wajukuu walinimaliza peremende. Nawe? Twaiba mwanao hajambo? Mvua bado zinawapiga? Redio inasema barabara ya Lunga Lunga imekatika tena.

Barua yako ya Januari ilifika imelowa, lakini niliisoma yote, hata pale mwisho ulipoziandika herufi ndogondogo kana kwamba hutaki nione. Unasema una uvimbe shingoni, upande wa kulia, ukubwa wa kungumanga, tangu Rajabu, hauumi. Unasema umekonda, na jioni unatoka jasho hata kanga inaganda mgongoni. Umeukanda kwa mafuta ya habasoda, haukupungua. Kisha unaniuliza habari za Idd!

Mwanaima, nenda hospitali. Daktari atataka kuuchoma kwa sindano, na najua wazee wetu wanasema uvimbe ukiguswa na chuma huchachamaa. Nimeishi na sindano hiyo miaka yangu yote ya kazi. Ni nyembamba kuliko ile ya chanjo ya watoto. Haikati kitu. Inaingia, inafyonza chembe kidogo mno, inatoka, na chembe zile zinatandazwa juu ya kioo ili mtu kama mimi azitazame kwa hadubini. Uvimbe haukasiriki. Ni mara moja tu, nakuahidi.

Wakikupa vioo uvipeleke mwenyewe mahali pa kusomwa, visiguswe na maji, visipigwe na jua, asivifute mtu. Viwekwe katika kijisanduku.

Kuhusu kuja kwangu: mwakani, inshallah.

Kakako,
Luqman

*

Gazi,
13 Machi 1998

Kaka Luqman,

Shikamoo. Alhamdulillahi sisi wazima, mvua imetupumzisha siku tatu. Mkoko umejaa kaa, samaki hakuna. Magoti yako yape pole, uyapake mafuta ya nazi, si hayo ya chupa unayonunua kwa Wahindi.

Nimechomwa! Jana Alhamisi, Msambweni, na yule daktari anayekuja mara moja kwa wiki. Kijana mpole, anazungumza na shingo yangu kuliko anavyozungumza nami. Akaushika uvimbe kwa vidole viwili, akasema, "Mama, usimeze mate."

"Nisimeze mpaka lini?"

"Mpaka nimalize."

"Basi maliza, baba, maana Ramadhani nimeifunga juzi tu, sina hamu ya kufunga tena."

Akacheka, na alipokuwa anacheka nikasema moyoni, Mungu wangu, mkono usimtetemeke. Lakini ulisema kweli. Ilikuwa kama kuumwa na siafu mmoja mwenye haraka. Nikatazama bomba, naona tupu. Nikamwambia, "Hukupata kitu." Akasema kinachotakiwa kimo ndani ya sindano yenyewe, akapuliza tone juu ya kioo, akatandaza kwa kioo cha pili kama mtu anayepaka siagi. Vioo vinne. Akavianika mezani, akavitia kwenye kijisanduku cha dawa, akamwambia Twaiba, "Hapa hatuna wa kuvisoma. Vifike Mombasa leo leo."

Twaiba alitoka mbio na buibui lake likipepea. Mpaka sasa hajarudi. Naandika nina pamba shingoni na wanawake wa huku wanapita mmoja mmoja kuja kuitazama, kana kwamba nimetobolewa masikio.

Esha, wifi yangu wa Majengo, Mombasa, atampa Twaiba pa kulala. Usiwe na wasiwasi.

Nduguyo,
Mwanaima

*

Gazi,
2 Aprili 1998

Kaka,

Shikamoo tena kabla hujanijibu. Sijambo. Sijui nianze vipi.

Vioo vilifika vitupu. Vyeupe, Luqman, kama vya dirishani. Mtu wa maabara alivigeuza, akaviinua kwenye taa, akamwuliza Twaiba, "Binti, umevisafisha?" Twaiba akaapa mpaka akalia.

Ilivyokuwa ni hivi. Alhamisi ile feri iliharibika, akafika Mombasa maabara imefungwa. Akaenda kwa Esha. Esha akauliza, "Umebeba nini humo?" Twaiba, kwa kuwa hajui kusema uongo, akasema, "Damu ya mama." Basi Esha akaruka. "Damu! Chumbani mwangu ninaposwalia? Hiyo ni najisi, mwanangu. Sikatai kukulaza wewe, damu ilale jikoni." Wakakiweka kijisanduku juu ya kiambaza cha jikoni, pazuri, pakavu, hapana jua. Kila ulichosema walikifuata. Asubuhi Twaiba akakichukua, akaona sisimizi wawili wakitembea juu ya kifuniko. Akawapuliza, akaenda zake.

Wameila yote, kaka. Wamelamba vioo hata alama hakuna.

Esha amekuja mwenyewe mpaka Gazi kuniomba radhi, na mkate wa mofa na machozi. Nimemsamehe. Ingekuwa damu ya mwingine ningefanya vivyo hivyo, mimi nami siswali na damu chumbani.

Ila daktari anataka kunichoma tena, nami nimekataa. Uliniambia mara moja, nikaenda kwa neno lako. Sasa naona Mungu mwenyewe amepangusa. Na Esha amesema jambo lililonichekesha na kunipa moyo: kama sisimizi wameila damu yangu na wakaondoka kwa miguu yao, basi haikuwa na sumu.

Uvimbe unaendelea. Karibu nao sasa kuna wa pili, mdogo.

Nduguyo,
Mwanaima

*

Iringa,
4 Mei 1998

Mwanaima wangu,

Assalaam alaykum, na marahaba kwa shikamoo zako zote mbili. Barua zako zilifika siku moja, ya furaha na ya msiba, na kwa bahati mbaya niliifungua ya Aprili kwanza. Mimi mzima. Mahindi ya huku yamekubali.

Usimlaumu Esha, wala Twaiba asilie. Kosa ni langu. Hata watoto wa kwetu wanajua kwamba kipande cha nyama kikiachwa juu ya kiambaza hakifiki asubuhi, ndiyo maana mama alisimamisha miguu ya kabati la chakula ndani ya makopo ya maji. Mimi ndiye niliyekuandikia maji, jua na kufutwa, nikasahau sisimizi. Huku baridi imewafanya wavivu. Vioo vyangu nilikuwa naviacha mezani usiku kucha na kuvikuta kama nilivyoviacha. Nimekaa mbali mpaka nimesahau wadudu wa nyumbani kwetu, na wewe ndiye uliyelipa.

Nilikuahidi mara moja, na ahadi hiyo imevunjika. Sitakuahidi tena. Nitakueleza tu ninachokijua, kisha shingo ni yako.

Sisimizi hawasomi, dada. Wangekula damu ya mtu mzima na ya mgonjwa kwa hamu ile ile. Na kwa kidole cha mkandaji, au cha daktari, au changu, kila uvimbe ni uvimbe. Tofauti iko ndani. Tezi ya shingo ni kambi ya walinzi. Nilipotazama vioo vya tezi nilikuwa naona mambo tofauti. Mara nyingine walinzi wameongezeka tu, wadogo kwa wakubwa, wamechanganyika kama watu sokoni: hapo tezi imepigana na maradhi madogo, na itatulia. Mara nyingine walinzi wameshikana, wameungana wakawa jitu moja lenye viini vingi, wamezingira kitu kinachofanana na maziwa yaliyoganda: hapo nafikiria kifua kikuu, maana maradhi hayo hayakai kifuani peke yake, nayo yana dawa. Na mara nyingine naona mgeni. Seli isiyo ya shingoni kabisa, iliyohama kwao, kooni au kwingineko, ikaja kukaa pasipo pake na kuongezeka. Hiyo ni saratani iliyosafiri.

Sijui wewe unayo ipi. Ningekuwa karibu ningevisoma vioo vyako mimi mwenyewe, na ningeogopa. Lakini kuogopa kitu chenye jina ni bora kuliko kuogopa kungumanga. Kama ni kile chenye dawa, kila mwezi unaoukalia unakula nyama yako bure. Chomwa mara ya pili. Nakuomba kama ninavyoweza kuomba.

Mwakani, inshallah, nitakuja nikuone shingo imelainika.

Kakako,
Luqman

*

Gazi,
15 Juni 1998

Kaka Luqman,

Shikamoo. Sijambo kidogo. Jasho ni lile lile. Nimeisoma barua yako mara nyingi, na Twaiba naye ameisoma, na pale penye yule mgeni aliyehama kwao akaja kukaa pasipo pake tumetazamana, Twaiba akasema, "Mama, mbona huyu ni mjomba?" Tumecheka mpaka nikakohoa. Saratani wewe!

Lakini baada ya kicheko nilikaa nikafikiri. Unanitaka nijue. Unasema kitu chenye jina ni bora. Vizuri. Basi na mimi nikuchome sindano moja, usimeze mate.

Miaka ishirini na sita unaniandikia mwakani, inshallah. Inshallah ni neno la Mungu, silikatai, lakini wewe umelifanya pazia. Marehemu kaka yetu alipogawa kiwanja hapa Gazi alikutengea upande wa mnazi mrefu, akafa akisema ni wa Luqman. Nimeutunza. Tsuma, mwanawe, amechumbia, hana pa kujenga, na kila akiniuliza namwambia, ngoja, baba yako mkubwa anakuja. Juzi kaniuliza, "Shangazi, anakuja lini?" Nikasema mwakani. Kijana akainamisha macho kwa adabu. Laiti angenitukana.

Unamkumbuka Kavindu, yule Mkamba mwenye genge hapa stendi niliyekuandikia habari zake? Mwaka jana zilipotokea fujo za Agosti, za kuwafukuza watu wa bara, alikimbia na kapu moja na nguo alizovaa. Genge likachomwa. Huu ni mwezi wa pili tangu arudi, anauza nyanya pale pale. Nimemwuliza, huogopi? Akasema, "Naogopa, Mama Twaiba, lakini nilikuwa nimechoka kuambia watu nitarudi." Nikakufikiria wewe.

Niambie kweli. Unarudi, au hurudi? Siku jibu lako likinifikia, nitapanda gari la Msambweni nikachomwe.

Nduguyo,
Mwanaima

*

Gazi,
20 Septemba 1998

Kaka,

Shikamoo. Natumai magoti ndiyo yaliyokuzuia kwenda posta, si jingine.

Julai ikapita. Maulidi tukasoma, nikakuombea. Agosti ikapita. Kila Twaiba akienda Ukunda namwambia atazame sanduku la posta, akirudi natazama mikono yake kabla ya uso. Uvimbe wa pili ukaukaribia wa kwanza kwa ukubwa. Nikawa nalala upande mmoja.

Kavindu ndiye aliyekuja kunitoa. Aliingia uani kama askari. "Mama Twaiba, hiyo kitu inakua na wewe unangoja barua?"

Nikamwambia, "Nimekula kiapo. Kaka yangu anijibu kwanza."

"Na asipojibu?"

"Atajibu."

"Sasa ukikufa ukimngoja, atakuja kuzika?"

Nikamtazama. Unajua nilivyomjibu? Nilimwambia, "Kwa mabasi ya huko, hata arobaini hataiwahi." Tukacheka wote wawili, kisha mimi nikalia, kisha nikavaa buibui.

Nimechomwa mara ya pili, Luqman, bila jibu lako. Daktari yule yule. Safari hii vioo viwili alivitumbukiza kwenye chupa ya spiriti papo hapo, viwili akavikausha. Twaiba alilala tena kwa Esha. Esha hakuiruhusu damu chumbani, kila mtu na dini yake, lakini alitafuta beseni, akatia maji, akasimamisha bilauri katikati kichwa chini, akaweka kijisanduku juu yake, kisha akavuta kigoda akakaa akikilinda na tasbihi mpaka alfajiri. Sisimizi gani angethubutu?

Jibu limekuja. Ni kifua kikuu cha tezi. Daktari alisema waliona yale uliyoyaandika, walinzi walioshikana wakawa jitu, na maziwa yaliyoganda. Nikamwambia nalijua jitu hilo, kaka yangu alinisimulia. Amenipa vidonge vya miezi mingi. Naenda zahanati kila asubuhi kuvimeza mbele ya muuguzi. Mwanzo nilishtuka, mkojo umekuwa rangi ya juisi ya embe, Twaiba akataka kunirudisha hospitali. Muuguzi akasema ndiyo dawa inavyofanya. Wiki ya pili hii. Jasho limekwisha. Jana nilikula wali sahani nzima, na nikaomba ukoko.

Nilikuwa naogopa kungumanga, na sasa nina maradhi yenye jina, na nalala. Ulisema kweli, nashukuru kwa kunisukuma.

Sasa mimi langu nimelijua. Lako bado. Sikulazimishi tena kwa shingo yangu. Nauliza tu.

Nduguyo,
Mwanaima

*

Iringa,
11 Oktoba 1998

Mwanaima,

Assalaam alaykum, na alhamdulillahi, na tena alhamdulillahi. Nilipofika kwenye neno kifua kikuu nilisimama katikati ya barabara ya posta nikacheka peke yangu, na mama mmoja muuza vitunguu akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu. Ni mtu gani anayefurahia kifua kikuu? Mimi. Usiache kidonge hata kimoja, hata utakapojiona mzima kabisa, maana hapo ndipo wengi huacha. Mpe Esha salamu zangu na heshima zangu. Kavindu umbusu mkono kwa niaba yangu. Twaiba umwambie mjomba wake amesoma alivyomwita.

Barua yako ya Juni ilinifikia. Posta haina kosa, wala magoti. Nilianza kukujibu mara nyingi, na kila mara mkono ulikimbilia neno lile lile la mwakani, nami nililiona sasa kwa macho yako, nikaikunja karatasi. Nilijua umeliweka jibu langu mbele ya matibabu yako, nikanyamaza hata hivyo. Wewe umeliingia lako bila ya kunishika mkono. Sina haki ya kukaa kimya siku moja zaidi.

Nimejaribu kutafuta sababu ya kukuandikia. Ya kwanza iliyokuja ni shamba la Diani: kwamba mahali pa jiko la mama pana bwawa la kuogelea la hoteli, na kwamba kuingia nitaombwa nieleze ninamtafuta nani. Ni kweli, na kwa miaka mingi nilipoulizwa hilo ndilo nililolisema, na watu walinihurumia. Lakini Gazi si Diani. Gazi hakuna aliyenifukuza. Mlango ulikuwa wazi, na wewe ndiye uliyeushikilia. Nikisema ni shamba, nitakuwa najificha nyuma yake.

Nilifukuzwa Diani. Lakini Iringa nimekaa mwenyewe. Nilikuja kusubiri, nikapata kazi, nikaoa, nikamzika mke wangu katika udongo mwekundu wa huku, na Ijumaa nikimaliza kumwombea naenda kunywa kahawa na wazee wanaonitania kwa Kiswahili changu cha pwani. Wajukuu zangu wanaogopa bahari. Mwaka jana niliota ndoto, ndani yake mama ananiita, nami nikamjibu kwa lafudhi ya Kihehe ya huku. Niliamka nikijua, nikajifanya sikujua.

Nakupenda kuliko mtu yeyote aliye hai aliyenifahamu nikiwa mtoto. Hili halibadiliki kwa umbali, nalo silihitaji kuliapia. Njoo wewe, ukimaliza vidonge, uje na Twaiba. Nauli nitaituma, nami nitawapokea stendi na sweta mbili. Kama huwezi, tuandikiane mpaka mmoja wetu ashindwe kushika kalamu.

Mwite Tsuma. Mwambie achimbe msingi upande wa mnazi mrefu, ajenge nyumba ya kudumu, ya mawe, asiache chumba cha mgeni kwa ajili yangu. Mwambie aliyesema ni mimi, wala asiinamishe macho.

Na wewe usimwambie mtu tena mwakani. Sitarudi.

Kakako,
Luqman